Uchafu wa kando ya ziwa: ni wetu au ni wa Gisenyi?

Swali la msomaji

Mtaalamu, salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Himbi hapa Goma, na kutoka kwangu hadi ziwani ni dakika tano kwa miguu. Nyuma ya ukuta wa nyumba moja ya wageni kuna bomba linalomwaga maji meusi ziwani, na hatua kama hamsini kutoka pale ndipo sisi wa avenyu yetu tunapochota. Kijana wa klorini anatutilia dawa kwa sindano katika kila bidoni, lakini mwezi uliopita mtoto wangu wa mwisho aliharisha siku nne. Jirani yangu anasema uchafu huu unatoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka upande wa Rwanda, unaletwa na mawimbi. Shemeji yangu anayeishi Gisenyi anasema wao ndio wanaopokea wa kwetu. Mwingine anasema harufu ya pale bombani ni mazuku, ile hewa ya volkano. Nimesikia pia kwamba Marekani na Meksiko wanagombania jambo kama hili. Ukweli ni upi, na sisi tufanye nini?

Jibu

Mama, pole sana kwa ugonjwa wa mtoto. Nitaanza na yeye, maana habari za mpaka zinaweza kungoja lakini bidoni utakayoijaza leo jioni haingoji.

Yule kijana wa klorini anafanya kazi ya kweli. Ana chupa ya dawa iliyokorogwa kwa kipimo, anavuta mililita chache kwa sindano isiyo na ncha, anasukumia ndani ya bidoni ya lita 20, anakwambia utikise, unajitwika unaenda zako. Kazi hiyo inaokoa maisha katika mji huu kila siku. Lakini kuna jambo ambalo mara nyingi haliandikwi kwenye bango, na ni haki yako kulijua. Maji ya Ziwa Kivu ni maji ya magadi. Ziwa limezungukwa na volkano, limenyonya chumvi za mawe yake kwa maelfu ya miaka, na ukipima maji ya juu utakuta pH, yaani kipimo cha uchachu na magadi, karibu 9. Klorini ikiingia majini inagawanyika katika maumbo mawili, moja kali linaloua vijidudu upesi, na jingine legevu linaloua kwa kuchelewa sana. Katika maji ya pH 7, karibu robo tatu ya klorini iko katika lile umbo kali. Katika maji ya pH 9 inabaki kama asilimia 3 tu. Dawa ni ileile, kipimo ni kilekile, ila nguvu imepungua.

Ndiyo sababu zile dakika 30 tunazotangaziwa ni chache kwa maji yetu. Zimewekwa kwa ajili ya maji ambayo pH yake haifiki 8. Mimi nyumbani kwangu nasubiri saa nzima kwa saa ya ukutani, na maji yakiwa na ukungu nasubiri saa mbili. Halafu kuna jambo la pili, na hili nadhani ndilo lililokupata. Klorini haichagui. Inapambana na uchafu wowote inaokutana nao kwanza: tope, mafuta, sabuni, mkojo. Mkojo hasa ni mbaya, kwa kuwa amonia yake inaikamata klorini na kuigeuza kuwa kitu dhaifu zaidi. Maji yaliyochotwa hatua hamsini kutoka kwenye bomba la choo yanaimaliza dawa kabla haijawafikia vijidudu. Kipimo kinachotosha kwa maji safi ya katikati ya ziwa hakitoshi kwa maji hayo.

Na nimekaa kwenye ufuko wa Kituku asubuhi nyingi nikiangalia bidoni za njano zikipanda mlima kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao, na migongoni mwa watoto. Nakueleza nilichokiona kwa macho yangu: mtoto wa miaka saba au minane, jua limemchoma, anatua bidoni kwenye jiwe, anafungua kifuniko, anakunywa kwa kiganja cha mkono. Dawa imetiwa dakika kumi zilizopita. Kwa hiyo mama, mtume na chupa yake ya maji yaliyochemshwa. Bidoni yenyewe uioshe ndani kila wiki: tia changarawe konzi mbili na maji kidogo, tikisa mpaka ule utelezi wa ukutani utoke, kisha suuza kwa maji yenye klorini. Ule utelezi ni makazi ya vijidudu, na klorini ya siku moja haiuondoi.

Kuchemsha ndiko kunakonipa usingizi mzuri zaidi, ila najua bei ya makaa. Hapa kwetu, kwa sababu ya mwinuko wa karibu mita 1,500, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Watu huniuliza kama inatosha. Inatosha; yakishatokota vizuri kwa dakika moja, ipua. Njia nyingine isiyo na gharama ni ya jua: chupa ya plastiki angavu, isiyo na rangi, ya lita moja au moja na nusu, jaza maji yasiyo na ukungu, ilaze juu ya mabati tangu asubuhi, saa sita za jua kali. Siku za mawingu, siku mbili mfululizo. Kwa watoto wadogo njia hii inafaa sana, maana chupa moja ni ya mtoto mmoja na hakuna anayechovya kikombe ndani yake.

Akiharisha tena: lita moja ya maji salama, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, mnyweshe kidogokidogo bila kuacha. Choo kikiwa cheupe kama maji ya mchele, usingoje asubuhi, mpeleke kituo cha afya usiku huohuo. Kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache. Tena kipindupindu kinapenda magadi: maabara zinapotaka kumkuza kijidudu huyo humweka katika mchuzi wenye pH ya juu, karibu sawa na ya ziwa letu. Maji yanayoidhoofisha klorini ndiyo yanayomstarehesha yeye.

Sasa lile bomba.

Katika mililita 100 za maji ya choo yasiyosafishwa huwa kuna bakteria wa E. coli kati ya milioni 1 na milioni 10. Bakteria hawa wanatumika kama shahidi: walipo wao, kinyesi kipo. Kwa maji ya kunywa, kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni sifuri. Kwa kuogelea tu katika maji baridi, Marekani inaruhusu wastani wa 126 katika mililita 100. Piga hesabu: lita moja itokayo kwenye lile bomba inahitaji kuchanganyika na lita 8,000 hadi 80,000 za maji safi ndipo mtoto aweze kuoga humo. Kuoga, si kunywa.

Najua jibu la mwenye nyumba ya wageni, kwa sababu nimelisikia mara nyingi: ziwa ni kubwa. Ni kweli ni kubwa. Lina zaidi ya kilomita za mraba 2,300 na kina chake kinafika mita 485. Lakini maji ya bomba hayaendi kutembelea kina hicho. Yanatoka yakiwa na uvuguvugu, ni mepesi, yanaelea juu na kujibana ukingoni, na wimbi likija linayarudisha mchangani. Tena ziwa lenyewe lina matabaka: kama mita 60 za juu ndizo zenye hewa na zinazochanganyika, hasa wakati wa upepo wa kiangazi, chini ya hapo maji yamelala na gesi zake na hayapandi. Ukubwa wa ziwa ni mali ya mvuvi wa sambaza aliye katikati usiku na taa yake. Anayechota ukingoni ana ziwa lenye upana wa hatua kumi.

Na bomba lako, mama, ni afadhali kwa sababu unaliona. Mengi hayaonekani.

Goma haina mto. Mgeni akija hapa anashangaa: mvua inapiga, maji yanajaa njiani, halafu yanapotea bila kufuata bonde lolote. Yamekunywewa na mawe. Mji mzima umekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo, lava juu ya lava, na ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani ikitoa mvuke. Lava ikipoa inapasuka. Nyufa nyingine unaweza kuingiza mkono mzima. Mahali penye udongo, maji ya choo yakishuka yanachujwa: chembe zinanasa, bakteria wanakufa njiani, na ndiyo maana wataalamu wanasema choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye maji ya kunywa. Kipimo hicho ni cha udongo. Haohao wanaokiandika wanaonya kwamba penye mawe yenye nyufa umbali huo hautoshi.

Kuchimba choo Goma ni kazi ya mtaimbo na nyundo, siku nyingi, pesa nyingi. Kwa hiyo mchimbaji akikuta ufa anafurahi, na mwenye nyumba anafurahi zaidi. Mara ngapi nimeambiwa kwa fahari, "Fosi yangu ina miaka kumi na tano, haijawahi kujaa!" Mwenyeji wangu anatarajia nimsifu. Mimi moyo unashuka. Shimo lisilojaa ni shimo lenye njia ya kutokea, na kutokea huko kuna mwisho mmoja tu: chini, kuelekea ziwa.

Niliwahi kulithibitisha. Miaka kadhaa iliyopita tulimwaga rangi ya fluoresini, unga mwekundu ambao ukiingia majini unageuka kijani kinachong'aa, katika choo cha nyumba moja isiyo mbali na ziwa. Mwenye nyumba alikuwa na hakika kabisa kwamba fosi yake imefungwa. Tukamwaga ndoo kumi za maji. Nikateremka hadi kwenye mawe ya ufukoni, nikakaa. Mama mmoja alikuwa akifua kitenge cha bluu kando yangu, tukawa tunazungumza habari za bei ya unga. Hata saa moja haikupita, akanyamaza akiangalia miguu yake. Kati ya mawe mawili, pale alipokuwa amesimama, maji yalikuwa yakitoka ya kijani, taratibu, kama mtu anayevuja machozi. Aliinua kitenge chake juu, akauliza, "Hii ni nini?" Nilimwambia ukweli. Sijasahau namna alivyoiangalia bidoni yake iliyokwisha kujaa.

Ukitaka kujua hali hii inaweza kufika wapi, wazee wa mji watakueleza Julai 1994. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia katika siku chache, wakakaa juu ya lava ambayo hakuna aliyeweza kuichimba choo, wakachota maji ya ziwa. Kipindupindu kililipuka kabla mwezi haujaisha. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kuharisha. Sababu zilikuwa mbili tu, mawe yasiyochimbika na ziwa lililo karibu, na zote mbili bado zipo hapa. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi kuna klorini, kuna vituo vya afya, na kuna akina mama wanaouliza maswali kama lako.

Basi nije kwa jirani yako na shemeji yako. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, na kila mmoja amekiweka mahali pasipo pake.

Maji ya ufukoni yanatembea. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Kiangazi upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji ya juu kuja huku kaskazini, kwetu na kwa Gisenyi pia. Upande wa Gisenyi kuna mto Sebeya unaoshuka milimani na kuleta tope jekundu. Mafuriko yake ya mwanzoni mwa Mei 2023 yalikuwa sehemu ya msiba ulioua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda. Chupa, mifuko, majani na magogo huvuka mpaka kwenda na kurudi, na wavuvi wa pande zote wanajua. Lakini vijidudu vya kuharisha si chupa. Jua linaua sehemu kubwa ya E. coli walio juu ya maji katika muda wa saa kadhaa hadi siku chache, na wakati huohuo maji yanazidi kuwachanganya na kuwapunguza. Kijidudu kilichomwagwa Gisenyi kina safari ndefu mpaka Himbi, na wengi hufia njiani. Kijidudu kilichotoka kwenye bomba hatua hamsini kutoka kwenye bidoni yako kina safari ya dakika chache. Kwa hiyo mtoto wako, kwa kadiri ninavyoweza kusema bila kupima, aliugua kwa uchafu wa avenyu yenu.

Na watoto wa shemeji yako wakiugua, nitamwambia hivyohivyo: aanze kuangalia choo kilicho juu ya ufuko wake.

Kipindupindu kinavuka mpaka, ndiyo, ila mara nyingi zaidi kinavuka kwa miguu. Pale Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Goma na Gisenyi, siku ya kawaida, hupita makumi ya maelfu ya watu na nyanya, vitenge, maziwa, mayai. Mtu anaweza kubeba kijidudu tumboni bila kuugua, akaenda chooni upande wa pili, na kile choo nacho kimekaa juu ya lava. Wimbi halihitajiki. Kinachosafiri kweli na maji kwenda mbali ni plastiki, na rutuba ya kinyesi chetu, fosforasi na naitrojeni, inayolisha miani. Na vyote hivyo vina mlango mmoja wa kutokea, kusini kabisa, Bukavu, pale Ruzizi inapotoka ziwani na kwenda Tanganyika. Mafundi wa bwawa la Ruzizi wanazoa takataka kwenye milango ya mitambo ya umeme. Baadhi yake zimetoka huku kwetu. Kwa hiyo ukiuliza uchafu wa Goma unamfikia nani ng'ambo, usimwangalie jirani wa Gisenyi peke yake. Wafikirie ndugu zetu wa Bukavu wanaokatikiwa umeme.

Habari za Marekani na Meksiko ni za kweli. Mji wenyewe ni Tijuana, upande wa Meksiko, na ng'ambo kuna San Diego na mji mdogo wa pwani uitwao Imperial Beach. Pale kuna Mto Tijuana, unaopita katika mji wa Meksiko, unavuka mpaka, unaishia baharini upande wa Marekani. Pampu ikiharibika au mabomba yakizidiwa, maji ya choo yanaingia mtoni, na mto hauna njia nyingine. Zaidi ya hapo, kusini mwa mpaka, mahali panapoitwa Punta Bandera, maji taka yalimwagwa pwani kwa miaka mingi bila kusafishwa ipasavyo, na kiangazi mawimbi ya kutoka kusini yanayasukuma hadi kwenye fukwe za Marekani. Fukwe za Imperial Beach zimekuwa zikifungwa mwaka baada ya mwaka. Nchi hizo zina mkataba wa maji tangu 1944 na tume ya pamoja ya mpaka. Katika miaka ya 1990 zilijenga kiwanda kwenye ardhi ya Marekani cha kusafisha maji taka ya Tijuana, karibu lita milioni 95 kwa siku. Tijuana ikakua, kiwanda kikaelemewa. Julai 2025 walitia saini makubaliano mengine tena.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu linafundisha mambo mawili yasiyofanana na yetu. Wao wana mto, na mto unapimika: unasimama darajani, unahesabu lita zinazovuka kwa sekunde, unampelekea jirani hesabu. Sisi hatuna mto wala mtandao wa mabomba ya maji taka; tuna maelfu ya mashimo yanayovujia ziwani kimyakimya kila moja peke yake. Hakuna bomba moja ambalo mawaziri wakikubaliana litafungwa. Nchi tatu, Burundi, Kongo na Rwanda, zina mamlaka ya pamoja ya bonde la Kivu na Ruzizi iitwayo ABAKIR, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Ningependa siku moja maji yapimwe asubuhi ileile, kwa vipimo vilevile, Himbi, Kituku na ufuko wa Gisenyi, na majibu yabandikwe pale pale watu wanapochota. Lakini hata siku hiyo ikifika, choo cha jirani yako kitabaki kazi ya jirani yako.

Kuhusu mazuku, kwa kifupi, kwani ni hatari ya aina nyingine kabisa. Mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi kutoka volkano. Ni nzito, inajikusanya mabondeni na kwenye mashimo, hasa alfajiri pasipo upepo, inaua mbuzi na inaua watu, na haina harufu. Hiyo ndiyo hatari yake. Ukisikia harufu ya yai bovu kando ya bomba, huo ni uchafu unaooza. Usikae karibu, lakini usiuite mazuku, maana ukiuita mazuku mwenye nyumba ya wageni atasema ni mambo ya volkano, yeye hahusiki.

Mfanye nini? Kwanza, sogezeni mahali pa kuchotea, wiki hii, kabla ya mkutano wowote. Angalieni asubuhi povu na takataka zinaelekea upande gani, mchote upande wa pili, mbali kadiri mnavyoweza, na kama kuna gati au mawe yanayoingia ndani, mchote kutoka kwenye ncha yake, maji yakiwa yamefika kiunoni au zaidi. Kijana wa klorini ahame nanyi. Mwambieni sababu, atawaelewa, na mumwombe msimamizi wake apime klorini inayobaki baada ya saa moja, si baada ya dakika chache. Watoto wasiogelee siku tatu baada ya mvua kubwa, kwa kuwa mvua inasafisha mji na kumwaga uchafu wake ziwani.

Kwa mwenye nyumba ya wageni, msiende na kelele. Nimeona kelele zikizaa ukuta mrefu zaidi na bomba lililofichwa chini ya maji. Nendeni watu wanne au watano, pamoja na shefu wa avenyu, mumwambie kitu anachoweza kukifanya. Anachohitaji ni tangi lisilovuja, lililojengwa kwa zege na kupigwa plasta ndani, juu ya lava badala ya ndani yake kama kuchimba ni ghali, na gari la vidanje, lile la kunyonya maji ya choo, lije likijaa. Nasisitiza likijaa: tangi zuri ni lile linalojaa. Na muulize dereva wa gari anamwaga wapi. Kama hawezi kujibu, mmelihamisha tatizo kwenda kwa akina mama wa avenyu nyingine. Maji yanayobaki juu ya tangi yapitishwe kwenye kitanda cha changarawe ya volkano, ile nyekundu yenye vitundu, iliyopandwa matete. Ile changarawe tunayoikanyaga kila siku ni chujio zuri, kwa sababu vile vitundu ni nyumba za bakteria wema wanaokula uchafu. Maji yatakayotoka hapo si ya kunywa, lakini yanafaa kumwagilia bustani ya nyumba yake, na yasiende ziwani.

Akikataa, sheria ipo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, na sheria ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 inalinda vyanzo vya maji dhidi ya umwagaji kama huo. Barua inayotaja vifungu inasomwa tofauti na malalamiko ya mdomo, hasa ikiwa na ushahidi. Kwa hiyo chukua daftari la shule la mtoto mkubwa, chora mistari, na kwa wiki mbili andika: siku, saa ambayo bomba limemwaga, rangi ya maji, upepo ulikuwa unatoka wapi, na ni mtoto wa nyumba ipi aliyeharisha wiki hiyo. Mgawane zamu na majirani ili isiwe kazi ya mtu mmoja. Kurasa hizo zikikamilika niandikie tena, nitakusaidia kuiandika hiyo barua, na nitakuja mwenyewe na ile rangi ya kijani tuimwage katika choo chake, kama atakubali, yeye akiwa amesimama nasi ufukoni.